Kaburi Ambalo Lingekuwa Tabora

Mwaka 1974, nikiwa kidato cha tatu mjini Tabora, sentensi za masharti za Kiingereza zilitutoa jasho kuliko hesabu. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na katika maongezi yetu "ningejua" ilitosha kwa jana na kwa leo. Kiingereza kilitaka tuonyeshe sharti ni la lini na matokeo ni ya lini. Kitabu kilitupa mifano ya miavuli na treni zilizochelewa. Tuliikariri kama kasuku.

Jumamosi moja mwalimu wetu alitutembeza kwa miguu hadi Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, tangu Stanley alipomwacha mwezi Machi hadi Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tukaketi kivulini, mwalimu akasimulia. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili juani, wakaufunga na kuubeba. Walipofika hapa Unyanyembe walimkuta Cameron, ofisa Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa katakata, wakashika njia ya misafara hadi Bagamoyo. Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

"Haya, wangalimsikiliza Cameron?"

Kimya. Kisha mwenzetu mmoja, mtoto wa Ipuli, akasema, "Mwalimu, kaburi lingekuwa hapa."

"Lini?"

"Hata leo, Mwalimu."

Mwalimu akachukua kijiti, akaandika mchangani: "If they had listened to Cameron, Livingstone's grave would be in Tabora." Chini ya "had listened" akaandika 1873; chini ya "would be" akaandika 1974. Miaka miwili tofauti ndani ya sentensi moja! Hapo ndipo wengi tulipofunguka macho.

Njiani kurudi kila mtu alitunga yake. Wengi walimchagua Mtemi Isike, aliyelipua baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi nguvu. Angalishinda, tungekuwa tunasoma lugha gani? Mwalimu alisahihisha vitenzi tu. Historia alituachia tubishane wenyewe, na tulibishana mpaka bwenini.

Walimu wa Kiingereza mlioko Tabora, tembe la Kwihara bado lipo. Wapelekeni watoto.