Bizimu na Rangi Zake

Baba wa binti mmoja alikuwa fundi wa matandiko ya farasi jijini Nairobi, na katika karakana yake bizimu zilikuwa za rangi mbili: njano na nyeupe. Alishona hatamu na mikanda ya tandiko kwa ajili ya farasi wa mashindano wa uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, na vyuma vyake vingi vilitoka Walsall, mji wa Uingereza ulio karibu na Birmingham, ambako watu wamefua bizimu na lijamu kwa karne nyingi. Zile za njano zilikuwa brasi tupu, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, rangi moja hadi ndani. Nyeupe zilikuwa brasi hiyo hiyo iliyovikwa nikeli kwa umeme, ufundi ulioshika kasi viwandani baada ya Mmarekani Isaac Adams kupata hataza yake mwaka 1869.

Kazi ya binti akitoka shule ilikuwa kuzisugua kwa kitambaa na Brasso. Kwa kusugua huko akajifunza kutazama chini ya ulimi wa bizimu kabla ya mahali pengine popote. Pale ulimi unapogonga ukingo kila mkanda unapofungwa, ndipo nikeli huanza kuisha na brasi huchungulia.

Sandukuni mlikuwamo pia bizimu chache nyeusi za zamani. Hizo zilikuwa za chuma, zimepakwa lami iliyochemshwa pamoja na mafuta ya kitani, kisha zikaokwa kwa moto wa polepole, tabaka juu ya tabaka. Huko Pontypool, Bilston na Wolverhampton mafundi walikuwa wakioka weusi wa namna hiyo tangu karne ya 18, kwenye sinia, masanduku na vyuma vya farasi. Ukucha haukuweza kuukwangua. Hadi leo, mtu akimwonyesha rangi mpya na kuisifu, hizo ndizo anazozikumbuka na kuzipimia.

Baba hakuzungumzia urembo. Alizungumzia ngozi. Ngozi aliyoshonea ilikuwa ya miwati, ile inayolainishwa kwa tanini ya magome ya mti huo, na tanini ikikutana na chuma kitupu penye unyevu huzaa doa jeusi lisilotoka tena. Wino wa kale wa kalamu ulitengenezwa kwa njia iyo hiyo. Brasi nayo ina lake. Mafuta yanayopakwa ngozi ili isikauke huungana na shaba, na baada ya miezi utaona nta ya kijani imejikusanya kuzunguka riveti, ikichafua uzi na vidole. Kwa hiyo rangi ya bizimu, kabla ya kuwa pambo, ni ukuta kati ya chuma na ngozi. Ukuta ukipasuka sehemu ndogo tu, vita vinaanzia hapo.

Binti alipoanza kujitegemea alihamia soko la Kariokor. Viondo vya mkonge vilikuwa vimepata wateja Ulaya na Marekani, na kiondo cha kuuzwa nje kilihitaji mikanda ya ngozi, vifuniko, pete na bizimu. Wateja wakaanza kutaka rangi. Mmoja anataka nyeusi iliyofifia, mwingine shaba ya kizee, mwingine nyekundu ifanane na uzi wa kiondo. Sokoni zikaingia bizimu za bei nafuu za aloi ya zinki, nyepesi, zilizomiminwa kwenye kalibu na kuvikwa ngozi nyembamba mno ya rangi yoyote umtajie muuzaji. Zikiwa mpya zilipendeza. Baada ya msimu mmoja wa mvua zilitoka vipele, zikabanduka, na chini yake kukaonekana kijivu kisichong'arishika.

Shule yake kubwa ikawa soko la mitumba la Gikomba. Watu wengi hufungua marobota ya mitumba kutafuta mkoba. Yeye alitafuta mikoba iliyokwisha kuharibika, akainunua kwa sababu ya vyuma vyake. Hapo alikuwa na kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukuuzia: bizimu ambayo tayari imefungwa na kufunguliwa kwa miaka, imeloa jasho, imegongwa kwenye milango ya magari na mabenchi ya vituo vya treni huko ilikotoka. Aliipindua, akatazama chini ya ulimi, akatazama pembe za pete, akaikata moja kwa msumeno aone ndani. Nani atakudanganya tena kuhusu rangi inayodumu ukiwa na ushahidi wa namna hiyo mkononi?

Majaribio yake ya kwanza yalifanywa kwa vilivyokuwapo. Alijaribu rangi ya kucha, kisha rangi ya magari kutoka kwa mafundi wa bodi wa barabara ya Kirinyaga, waliomfundisha jambo ambalo baba hakuhitaji kulijua: rangi hushika chuma kilichokwaruzwa na kisicho na mafuta hata chembe, na mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuharibu kazi nzima. Tangu hapo vijana wa karakana yake hushika vyuma kwa glavu baada ya kuvipiga msasa. Rangi ya magari iliyopakwa hivyo ilikaa vizuri kwenye pete. Kwenye bizimu ilishindwa pale pale, chini ya ulimi.

Ndipo akaenda Viwandani, kwa watu wanaopaka fremu za madirisha rangi ya unga. Rangi hii haina maji wala tina. Ni poda ya plastiki inayopulizwa kwa bunduki inayoipa chaji ya umeme, ikavutwa na chuma kilichoning'inizwa kwenye ndoano, kisha chuma kikaingia ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 180 hadi 200, na poda ikayeyuka na kuungana kuwa gamba moja. Ni ngumu kweli, na rangi zake hazina mwisho. Lakini dirisha si bizimu. Gamba hilo lina unene wa mikroni 60 hadi 100, na kwenye tundu dogo unene huo huingia pande zote mbili, hivyo kigurudumu cha bizimu kikagoma kuzunguka na skrubu zikakataa kuingia. Pembe za ndani zilibaki tupu, kwa kuwa poda yenye chaji hukimbilia kingo za nje na kuacha mafichoni. Pale ndoano iliposhika kulibaki kidoa kisicho na rangi.

Ajabu zaidi ilikuwa oveni. Pete zilizounganishwa kwa risasi na bati zilirudi zimeachana, kwa maana mchanganyiko huo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Bizimu za aloi ya zinki zilirudi na mapovu, maana hewa iliyonaswa ndani wakati wa kumiminwa ilitanuka na kutafuta njia ya kutoka. Akajifunza kuzioka kwanza zikiwa tupu, zipumue, ndipo zipakwe. Akaacha kabisa kununua pete za kulehemu kwa risasi.

Siku hizi pete, ndoano na vibao vya jina huvipeleka kwenye unga. Bizimu zenye ulimi huzipa rangi za kauri kama Cerakote, zilizopata sifa kwa kupakwa silaha huko Marekani. Hizo hupulizwa baada ya chuma kukwaruzwa kwa mchanga mkali, hukaa karibu mikroni 25 tu, na baadhi yake huiva kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Ni ghali, lakini ulimi unapiga na rangi inabaki.

Nikeli, kipenzi cha baba, imempa kazi ya aina nyingine. Denmark iliibana kisheria mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 1994, kwa sababu ya watu wengi waliowashwa ngozi na herini, vifungo vya jinzi na bizimu zinazogusa tumbo. Kipimo kwa bizimu na vifungo hivyo ni mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita mraba kwa wiki. Mnunuzi wa Ulaya huuliza kuhusu nikeli kabla ya kuuliza bei, na fundi lazima ajue chini ya rangi ile nzuri kuna nini.

Kutoka Gikomba bado hupata vyuma vya rangi ya dhahabu ambavyo msumeno wake unavikwaruza kwa shida. Vimevikwa titani na naitrojeni ndani ya chumba kisicho na hewa, unene wa mikroni chache, kazi ya mitambo ya gharama kubwa. Huvihifadhi na kuvitumia tena vilivyo.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yako kwenye ngozi. Zamani bizimu ilishonewa au kupigwa riveti moja kwa moja, ikazeeka pamoja na mkanda. Bizimu ya rangi ikichubuka haiwezi kurudishwa kwenye oveni ikiwa bado imeshikana na mkanda, maana ngozi ya miwati hujikunja na kukakamaa kwa joto lisilofika nyuzi 90. Kwa hiyo mikoba anayoikata sasa haina riveti kwenye bizimu. Kila kikunjo cha mkanda hufungwa kwa skrubu fupi za brasi zinazofunguliwa kwa sarafu, na mteja akirudi baada ya miaka, bizimu hutoka, hukwaruzwa, hupakwa rangi aitakayo, na kurudishwa kwenye matundu yale yale.