Mshenga na Ganda la Korosho

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Kwetu Maneromango, wilayani Kisarawe, mtoto analijua hilo kabla hajajua kusoma. Korosho ikichomwa kwenye bati, mafuta hutoka yakichuruzika na kuwaka. Ikibanguliwa mbichi, yanaruka kidoleni na ngozi inababuka. Mama yangu amebangua korosho za watu tangu nikiwa mgongoni. Hujipaka majivu viganjani kabla ya kuanza, lakini majivu hayazuii yote. Siku alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, mashine ilivikataa vidole vyake mara tatu. Alama zimelika.

Niliyakuta mafuta hayo tena nikiwa mwaka wa tatu chuoni, yamechorwa ubaoni: pete ya kaboni sita, kikundi cha asidi pembeni, na mkia mrefu wa kaboni 15. Mhadhiri alisema hiyo ndiyo asidi anakadi, jina lililotokana na Anacardium, jina la kisayansi la mkorosho. Darasa zima lilinakili mchoro. Mimi nilitamani kunyoosha mkono niseme kwamba huyu namfahamu, ndiye aliyekula vidole vya mama.

Ukiipasha moto asidi hiyo, inapoteza kaboni dayoksaidi na kubaki kitu kinachoitwa kadanoli. Kwa mkemia, kadanoli ni kama gogo la mninga: samani imo ndani, lakini lazima ujue pa kukata. Pete yake ni ya aina ile ile inayotafutwa kwenye mafuta ya petroli ili kutengeneza plastiki, rangi na sabuni za viwandani. Mkia wake una bondi maradufu, ya kwanza ikiwa kwenye kaboni ya nane kutoka kwenye pete. Kazi ni kuukata mkia huo mahali unapotaka bila kuiharibu pete. Moto peke yake hauwezi, na asidi kali haina adabu. Hapo ndipo inapohitajika kampaundi ya oganometali, yaani ile ambayo ndani yake atomu ya metali imeshikana moja kwa moja na kaboni.

Nikifundisha vichocheo, wanafunzi wangu huwaambia wamfikirie mshenga. Anapeleka posa, anabeba maneno ya huku kuyafikisha kule, mahari ikikubaliwa anaaga. Haingii ndoani, na kesho utamkuta nyumba nyingine. Kichocheo nacho kinafanya hivyo: kinaanzisha jambo, kinatoka kama kilivyoingia, kinakwenda kwa molekuli nyingine. Lakini mshenga wa rutheniamu ana tabia ambayo usingemruhusu uani kwako. Anakuta ndoa mbili, anazivunja zote, kisha anafunga mbili mpya kwa kubadilishana wenzi. Mpe kadanoli na ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi zikifunikwa, naye ataukata mkia penye bondi maradufu na kukipa kila kipande kaboni moja iliyotoka kwenye ethilini. Mfaransa Yves Chauvin alieleza mwaka 1971 jinsi metali inavyoshika kaboni katika ubadilishanaji huo. Mwaka 2005 yeye na Wamarekani Robert Grubbs na Richard Schrock wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Ningeweza kuishia hapo, nikaiona kuwa kemia ya Ufaransa na Marekani inayotumia tu mfano wa korosho. Kilichonibadili ni makala iliyochapishwa mwaka 2012. Quintino Mgani wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, David Cole-Hamilton wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, na wenzao, walionyesha njia ya kuibadili kadanoli kuwa fenoli yenye mkia wa kaboni tatu tu. Fenoli hiyo ni sehemu ya harufu ya mkojo wa ng'ombe. Watafiti waliofanya kazi Zimbabwe katika miaka ya 1980 walikwishagundua kwamba mbung'o huifuata harufu hiyo, na kwamba ikiwekwa kwenye mtego huwavuta wengi zaidi. Mwaka 2014 Cole-Hamilton akishirikiana na kundi la Lukas Gooßen la Kaiserslautern, Ujerumani, walitumia washenga wawili kwa pamoja: paladiamu inaisogeza bondi maradufu kwenye mkia, rutheniamu inakata.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Wilaya yetu ina mikorosho, na siku hizi ina wafugaji waliohamia na mifugo yao. Mbung'o anawanyonya ng'ombe na kuwaachia nagana. Na ganda ambalo mama hulitupa motoni lina kaboni za kumtegea mbung'o huyo. Nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Nikamweleza yote, ya pete na mkia na mbung'o. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa hayo maganda nani anayanunua?"

Tangu hapo nimesoma makala nyingi kuhusu kadanoli, na hakuna iliyonijibu swali hilo kama linavyojibiwa na historia ya zao lenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000. Serikali ikajenga viwanda vya kubangua, jumla yake na vile vya Dar es Salaam vikafika 12, na kimoja kikawa hapa Kibaha. Lakini mavuno yakaporomoka. Watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei haikumlipa mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Viwanda vilijengwa kusubiri korosho ambazo hazikuja. Uzalishaji ulipofufuka miaka ya baadaye, sehemu kubwa ya korosho ilikuwa ikipakiwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Neno ghafi tunalisoma haraka. Korosho ghafi ni korosho ndani ya ganda lake. Ikipanda meli, mafuta nayo yamepanda. Tunahesabu bei ya kilo, hatuhesabu kwamba kiwanda cha kemia kimesafiri bure ndani ya gunia. Ubanguaji unaobaki kwetu ni wa akina mama kama wangu, kwenye bati, na huko mafuta yanaishia kuwa moshi na malengelenge.

Ninafundisha kemia kidato cha tano na cha sita mjini Kibaha, mji uliozoea kuletewa elimu kutoka mbali. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, na hadi leo wazazi huutamka mji huu wakimaanisha shule. Hapa swali la mama huvaa sare. "Mwalimu, mtu akisoma hii anafanya kazi wapi?" Huwa nawatajia Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2001, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alichapisha kichocheo cha paladiamu kilichopachikwa juu ya silika, ambacho unaweza kukichuja mwisho wa kazi na kukitumia tena. Miaka ya baadaye akaandika pia kuhusu mafuta ya korosho, na akawahi kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania. Wanaandika jina lake, wanaridhika. Mimi naona kitu kingine: mguu mmoja uko hapa, mwingine uko ng'ambo.

Sababu si akili. Vichocheo vingi vya namna hii haviivumilii hewa, oksijeni na unyevu huviua. Kazi hufanyika ndani ya naitrojeni au argoni, kwa pampu inayonyonya hewa saa nzima, na umeme ukikatika katikati, kilichokuwa rangi ya machungwa kinageuka tope jeusi. Hata salfa, ambayo mkulima wetu anaipuliza kuokoa maua dhidi ya ubwiriunga, ni sumu mashuhuri kwa paladiamu. Halafu metali zenyewe ni haba. Cole-Hamilton huyo huyo ndiye aliyekuwa nyuma ya jedwali la elementi la mwaka 2019 la wanakemia wa Ulaya, linaloipa kila elementi nafasi kulingana na wingi wake na kuonya juu ya zile zinazotishiwa. Lakini sehemu kubwa ya rutheniamu na paladiamu inayotumika duniani inachimbwa kusini mwa Afrika. Ganda ni letu, metali ni ya majirani zetu, mbung'o ni wetu. Vyote hukutana Uskoti.

Nina barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamivu ng'ambo, miaka minne, katika maabara ambayo argoni hutoka ukutani kama maji ya bomba. Kwa wiki tatu sikuijibu. Nimeona wenzangu wakiondoka wakiahidi kurudi, na sina haki ya kuwahukumu waliobaki huko, maana ujuzi huu ukiurudisha mahali pasipo na vifaa unachakaa. Hofu yangu ilikuwa kwamba na mimi ni korosho ghafi: naondoka na ganda langu nikabanguliwe kwingine, na thamani ibaki kwa aliyebangua.

Katikati ya wiki hizo nilikuwa nikichora ubaoni jinsi mkia wa kaboni 15 unavyobaki na tatu. Binti mmoja wa kidato cha sita akauliza, "Mwalimu, hizo kaboni nyingine 12 zinakwenda wapi?" Nilimjibu kuwa zinatoka zikiwa hidrokaboni fupi fupi, na kwamba mwenye kiwanda angezikusanya pia na kuziuza. Akaandika. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna kinachopotea, ila kama huna chombo cha kukikingia."

Nimejibu barua. Nimekubali, na katika pendekezo la utafiti nimeandika kwamba kadanoli yote itatokana na maganda ya Kisarawe, tena itakamuliwa hapa Kibaha, ili anayeyaleta alipwe kwa kilo. Msimamizi wangu mtarajiwa ameafiki. Mama ameniuliza bei, nikamtajia. Akasema ni ndogo, niipandishe. Maganda ya kwanza yamekwisha kufika. Mafuta yake, lita mbili hivi, yamo kwenye dumu nyuma ya maabara ya shule, na wanafunzi wanapita mbali nalo.