Ira, Theluji, Lehloa

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, kilele chake kikiwa cheupe. Alipomuuliza kiongozi wa msafara wake ule weupe ulikuwa kitu gani, kiongozi hakuwa na jina la kumpa ila "baridi". Wanajiografia wa Ulaya walimkejeli Rebmann kwa miaka, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na historia imemwonea huruma kwa hilo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kumkumbuka yule kiongozi zaidi. Alikiona kitu kwa macho, akakosa jina lake, akakiita kwa lile ambalo kitu hicho humtenda mtu.

Neno theluji ni la Waarabu. Neno barafu asili yake ni kwa Waajemi, ambao kwao lina maana ya theluji yenyewe. Yote mawili yaliingia katika lugha kwa njia ya bahari, yakatua katika pwani ambako hakuna theluji wala barafu, kisha yakapanda bara pamoja na bidhaa nyingine. Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi za Kenya theluji ni neno la vitabuni. Hukaririwa darasani, husomwa katika Biblia pale dhambi zinapoahidiwa weupe, kisha hurudishwa kabatini.

Katika nyumba moja ya Waithaka, huko Dagoretti, neno hilo lilitolewa kabatini mwezi Julai 2023. Wakazi wake walikuwa wanne: nyanya ambaye watoto humwita Cucu, mkaza mwanawe aliye mwalimu wa shule ya msingi, mvulana wa miaka kumi na mitatu na msichana wa miaka sita. Baba wa watoto hao alikuwa Lesotho, akifundisha hisabati katika chuo kikuu kilichoko mji wa Roma. Aliondoka Januari 2020. Chuo alikokuwa akifundisha jijini Nairobi kilikuwa kikimlipa kwa saa, tena kwa kuchelewa, na ada za shule hazingoji. Miezi miwili baada ya kuondoka kwake korona ikaingia, viwanja vya ndege vikafungwa, na likizo aliyoahidi ikageuka kuwa sauti ya simu. Kufikia mwaka 2023 alikuwa amerudi nyumbani mara mbili tu, kila mara kwa majuma machache ya Desemba. Msichana, aliyeachwa akiwa na miaka miwili na ushei, alimfahamu kama watu wanavyomfahamu msomaji wa habari: uso kwenye kioo, sauti nzuri, maswali yaleyale. Alimjibu kwa adabu. Kumwita "Baba" mbele ya macho yake hakukuwahi kumtoka kinywani. Aliposhurutishwa, alijificha nyuma ya sketi ya mama yake.

Mkataba wa baba ulikuwa wa miaka minne na ungekwisha Desemba. Chuo kilikuwa kimempa fomu ya miaka mingine mitatu. Hilo ndilo lililokuwa chini ya habari yote ya theluji, ingawa kwa majuma kadhaa hakuna aliyelitaja. Baba alisema tu kwamba tangu Januari mwaka huo Mkenya hahitaji tena viza kuingia Afrika Kusini kwa ziara ya hadi siku tisini, kwamba njia ilikuwa imefunguka, na kwamba katika milima ya Maluti kuna mahali padogo paitwapo Afriski ambapo watu huteleza thelujini kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Waje wakati wa likizo fupi ya Agosti, awapeleke.

Majirani walishangaa. Mvulana alikuwa mtahiniwa wa KCPE, tena wa kundi la mwisho kabisa kuufanya mtihani huo kabla haujafutwa, na mtahiniwa hapelekwi kuteleza. Cucu alishangaa kwa namna yake. Yeye alizaliwa upande wa Nyeri, akakua akiitazama Kirinyaga kila asubuhi mawingu yasipoifunika, katika zama ambapo wazee waliusali mlima huo wakiuelekezea nyuso. Kwa Kikuyu theluji huitwa ira, jina lilelile la ule udongo mweupe uliopakwa watu katika sherehe za jadi. Kwa hiyo Cucu alikuwa na neno la kale, la nyumbani, lisiloletwa na jahazi, lakini lilikuwa neno la kitu cha kutazamwa kwa mbali. Alipoelezwa kwamba huko watu hulipa fedha, wakavutwa kwa kamba hadi juu ya mlima, kisha wakateremka, aliuliza swali moja tu: "Na huko juu wameenda kufanya nini?" Halikujibiwa, na kusema kweli ni swali gumu.

Yafaa ikumbukwe kwamba ira ya Cucu inakwisha. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, ilipimwa na kuchorwa ramani mwaka 1934. Kati ya mwaka huo na 2010 ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake. Mnamo Novemba 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika orodha ya urithi wa dunia, za Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwemo, huenda zikatoweka kabla ya mwaka 2050. Mvulana aliyafahamu hayo. Katika asubuhi zile chache za mwaka ambapo mlima huonekana kutoka upande wa Dagoretti, Cucu humwita nje autazame, na kila mara humwambia kwamba zamani ulikuwa mweupe zaidi. Alidhani ni kawaida ya wazee kusifu ya kale, hadi alipoona takwimu hizo shuleni.

Walisafiri juma la tatu la Agosti, mama na watoto wawili, Cucu akabaki na kuku wake. Ndege iliwafikisha Johannesburg, nyingine ndogo ikawafikisha Maseru. Baba aliwapokea akiwa amejitanda blanketi begani kama wenyeji, jambo lililomfanya mvulana atazame pembeni.

Safari ya gari kutoka Maseru hadi Afriski ni ya saa nne hivi. Barabara inapita Teyateyaneng, Leribe na Butha-Buthe, kisha inaanza kupanda mlima wa Moteng kwa kona ambazo zilimnyamazisha hata msichana. Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kule waendako ni zaidi ya mita 3,000. Dagoretti, inayolalamikiwa baridi kila Julai, ni kama 1,800. Miti ilikwisha. Zikabaki nyasi za kahawia, nyumba za mawe za mviringo, na wachunga kondoo waliojifunika blanketi hadi puani.

Kwa mama, safari hiyo ilikuwa darasa. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuingia nchi ya Wabantu wenzake akafunga masikio. Kwenye nembo ya taifa alisoma Khotso, Pula, Nala, akaambiwa ni amani, mvua na neema, akakaa akiligeuzageuza neno pula kinywani mpaka akasikia mvua ndani yake. Watu ni batho. Maji ni metsi. Nyama ni nama. Na theluji? "Lehloa," baba alisema. Mama alilirudia mara mbili. Hapa palikuwa na ndugu wa Kiswahili aliyehamia kusini kabisa, akakutana na theluji mlangoni pake, akaipa jina lake mwenyewe bila kusubiri Mwarabu wala Mwajemi.

Ili kuvunja ukimya, baba alisimulia habari za Philip Boit, mkimbiaji kutoka Eldoret ambaye mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza mbio za theluji, kitu ambacho hakuwa amekikanyaga maishani. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Nagano, alishiriki mbio za kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika ishirini nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alibaki kwenye utepe akimngoja katika baridi ile hadi alipofika, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

"Dakika ishirini," mvulana alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Leribe. "Huyo alingoja dakika ishirini."

Baba hakuongeza hadithi nyingine. Hajakuwa mtu wa kutoelewa hesabu.

Afriski penyewe si pakubwa. Mteremko mmoja mkuu wa urefu wa kilomita moja hivi, mwingine mfupi wa wanagenzi, nyumba kadhaa za wageni, mkahawa. Umati wa Waafrika Kusini huja wikendi na katika likizo za katikati ya mwaka; siku ya kazi mwishoni mwa Agosti watu walihesabika. Jambo lililowashtua lilikuwa jingine. Mlima wote ulikuwa wa kahawia, mkavu, na katikati yake umelala utepe mweupe kama bandeji. Theluji ya mbinguni ilikuwa haijaanguka kwa siku nyingi. Hii ilitengenezwa: usiku, kipimo cha joto kikishuka chini ya sifuri, mashine husukuma maji na hewa kwa nguvu, matone madogo mno yakarushwa angani yakaganda kabla ya kugusa ardhi. Mvulana alisimama akautazama utepe ule kwa muda. "Kumbe nayo ni ya kupangishwa," akasema. Kwa maneno ya mtoto wa Nairobi, hapakuwa na dharau kubwa kuliko hiyo.

Alikataa kuvaa viatu vya kutelezea. Akasema kwa sauti ambayo mama yake aliisikia vizuri kuliko alivyotaka: "Nauli hii ingekuleta nyumbani mara mbili." Hapo ndipo jambo lilipotajwa. Baba aliinama kufunga viatu vyake, vigumu kama plasta ya mvunjika mguu, akachukua muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji.

Mkufunzi wao alikuwa kijana Msotho wa Butha-Buthe, mwenye subira na kicheko. Kila alipomsemesha baba alimwita Ntate. Mpishi alimwita Ntate, mlinzi wa lango vilevile, na hata mzee wa kutoza malipo, aliyeonekana kumzidi umri, alimwita Ntate. Msichana, ambaye masikio yake hayapitwi na kitu, akahitimisha kwamba hilo ndilo jina la mtu huyu. Jina zuri, rahisi, lisilo na deni. Kwa hiyo baba alipoteleza mara ya kwanza, mikono ikipunga hewani, akaketi kwa kishindo, sauti ndogo ilisikika kutoka kando ya mteremko: "Ntate! Simama, Ntate!" Mkufunzi naye akapaza: "Ema! Ema!"

Ema ni simama. Mama aliisikia wima ndani yake, akasahau kwa nukta moja kwamba mumewe alikuwa ameumia nyonga.

Ntate, msomaji, ni baba. Ni heshima anayopewa kila mwanamume mzima huko, kama mzee kwa Waswahili, lakini maana yake ya asili ni hiyo. Mume na mke walitazamana juu ya kichwa cha mtoto na hawakumsahihisha. Siku nzima aliita, Ntate hiki, Ntate kile, akimvuta mkono, akimwagiza ampeleke tena juu. Alijifunza kuteleza haraka kuliko yeye, jambo la kawaida kwa watoto, kwani wako karibu na ardhi. Baba alianguka mara nyingi kuliko hesabu, na alipoanguka karibu na uzio, aliyemwinua alikuwa mvulana. Alimshika kwapani, akamsimamisha, akarudi mahali pake bila neno.

Usiku, mashine zikinguruma nje, mvulana ndiye aliyemwambia dada yake. "Unajua Ntate maana yake nini?" Msichana alisikiliza, akafikiri kwa makini. "Basi wote wale watu," akauliza, "ni watoto wake?" Kisha akalala.

Wazazi walizungumza hadi usiku mkubwa, kwa sauti za chini. Mama alikuwa amekuja na hoja zote mbili zikiwa tayari. Nairobi hapakuwa na kazi iliyohakikishwa. Pengine mikataba ileile ya saa, pengine hata hiyo haipo. Kuwahamisha wote hadi Roma kulimaanisha kumwacha Cucu na kumwingiza mvulana katika mfumo mwingine wa elimu mara tu baada ya KCPE. Na miaka mitatu zaidi ya simu ilimaanisha msichana wa miaka tisa. Baba alizungumza juu ya ada na mkopo wa kiwanja. Mama hakubisha, kwa kuwa yote yalikuwa kweli. Alimwomba tu ampe fomu ile aione. Aliisoma kurasa zote nne chini ya taa, kama asahihishaye insha, akaikunja.

Siku tatu baadaye, katika uwanja wa ndege wa Maseru, msichana aliaga kwa kupunga mikono yote miwili akiita jina lake jipya, na abiria kadhaa wanaume wakageuka kuitika. Fomu ya mkataba ilikuwa mkobani mwa mama, chini ya pasipoti, haijatiwa sahihi, ikienda Waithaka.