Njaa ya Saa Nne

Liko jambo ambalo kwa miaka mingi nalidhani ni la tabia yangu, kumbe ni la tumbo.

Kila asubuhi nalikunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari pamoja na vipande vinne vya mkate mweupe, nikaenda shuleni nimeshiba kabisa. Lakini ilipofika saa nne mikono ilitetemeka na ghadhabu ikanipanda. Siku moja, saa hiyo hiyo, mtoto wa darasa la tatu alikosea hesabu ya kujumlisha, nami nikamkemea mbele ya wenzake hata akalia. Jioni nalimsimulia mke wangu. Akanijibu kwa upole, “Baba Neema, aliyekukasirisha si mtoto. Ni njaa.” Nikaona haya.

Unga mweupe umekwisha kuondolewa pumba na kiini cha mbegu. Huyeyuka upesi tumboni, sukari ikapanda katika damu, mwili ukatoa insulini ili kuishusha. Na kwa watu wengine hushuka mno, njaa ikarudi kabla ya wakati wake. Mafuta hayana haraka hiyo, tena hukichelewesha chakula kutoka tumboni. Mwaka 1999 David Ludwig na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa habari za vijana 12 wanene. Walipolishwa uji wa oti wa kuiva upesi, saa zilizofuata walikula zaidi sana kuliko walipolishwa mayai na matunda, ingawa nguvu ya vyakula hivyo ilikuwa sawa. Vijana 12 ni wachache, na mayai yana protini pia; sisemi kwamba neno limekwisha.

Lakini sisi tukaao Masasi twanishangaza. Twauza korosho na ufuta, kisha kwa fedha ile ile twanunua mkate!

Basi naliacha mkate, nikashika uji wa dona uliotiwa karanga za kutwanga, na parachichi lipatikanapo. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mengi yake ni ya namna isiyodhuru moyo. (Zenye ukungu hutupwa, zina sumu.) Mwanzoni nalikosea: nalikula karanga juu ya mkate, na mshipi ukanibana. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Asiyepunguza kimoja hunenepa kwa vyote viwili. Nalipobadili kweli kweli, saa nne ilipita nisiijue.

Yule mtoto nalimwita mbele ya wale wale waliomwona akilia, nikamwomba radhi. Kisha nikamwuliza siku ile alikula nini asubuhi.

“Chai ya rangi, Mwalimu.”

“Na nini tena?”

“Chai tu.”

Siku hizi kikopo cha karanga nichukuacho shuleni ni kikubwa kuliko cha kwanza.