Kituo cha Wazee Si Mahali pa Kutupa Wazazi



Katika toleo hili naomba mnivumilie nizungumzie jambo ambalo kwenye mikusanyiko yetu husemwa kwa kunong'ona tu, nalo ni kutwa nzima wanayoipitisha wazazi wetu tuliowaleta huku ughaibuni. Mimi ni mhandisi wa majengo, si mtu wa ustawi wa jamii, kwa hiyo mkiona nahesabu sana mjue ni mazoea ya kazi.

Mama yangu alikuja kuishi nasi mwaka 2018 akiwa na miaka 71, kutoka Pangani, baada ya kufiwa na baba. Alifika mwezi wa Julai. Wajukuu walikuwa likizo, kila siku wakitoka naye kwenda kwenye maziwa, na sisi tulijipongeza kwamba mambo yamekwenda vizuri. Septemba shule zikafunguliwa. Sasa tazameni hesabu. Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mke wangu saa moja, watoto saa moja na robo. Wa kwanza kurudi anarudi saa tisa na nusu alasiri. Hayo ni masaa manane na robo ya ukimya, siku tano kwa wiki. Pangani mama hakuwahi kukaa nusu saa bila mtu kupiga hodi. Minnesota hakuna hodi. Kuna kengele ya mlangoni, na anayeibonyeza ni mleta vifurushi ambaye akishaibonyeza hukimbia.

Mwisho wa Januari 2019 ulikuja ule ubaridi ambao watu wa huku bado wanauzungumzia, nyuzi zaidi ya 30 za Selsiasi chini ya sifuri, hata shule zikafungwa. Jioni moja mama akaniambia, "Nyumba yenu nzuri, baba. Ila haina watu." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya mita ya maji.

Jirani yetu, bibi wa Kimarekani aliyepita miaka 80, ndiye aliyetuelekeza kwenye kituo cha wazee cha mtaani kwetu. Tukaenda kukitazama, tukarudi, mama akasema atajaribu. Wiki mbili baadaye kwenye hitma ya ndugu mmoja nikataja kwamba mama anakwenda kituoni. Chumba kikanyamaza. Baadaye, tukivaa viatu mlangoni, mzee mmoja ninayemheshimu akanishika mkono akasema, "Wenzetu wazungu ndio wanaotupa wazazi wao. Sisi hatujafika huko."

Maneno hayo nimeyafikiria sana, na nimekuja kuona kwamba hayatoki kwenye ubaya. Yanatoka kazini. Wengi wetu tulipofika huku tulianzia kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo miaka ya 1990, nilifanya kazi hiyo usiku wa wikiendi: kugeuza wazee kitandani, kuwaosha, kuwabadilisha nguo. Wako ndugu zetu, hasa kina dada, ambao wamesomesha ukoo mzima kwa kazi hiyo hiyo. Na tuliyoyaona humo tuliyaona. Tumemwona mzee wa watu anayesubiri simu Jumapili nzima isilie. Tumemwona anayefia mikononi mwa mgeni kutoka Kisii au Singida wakati mwanawe yuko umbali wa dakika 40 kwa gari. Mtu aliyeona hayo usiku baada ya usiku huapa moyoni kwamba mama yake hatayapata. Kwa hiyo akisikia "kituo cha wazee" picha inayomjia ni ile ile ya kitanda chenye vyuma pembeni na harufu ya dawa.

Lakini hivi ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kunawagharimu wazazi wetu. Nyumba ya kutunzia wazee mtu analala humo. Pia kuna vituo vya malezi ya mchana, kwa wazee wanaohitaji kuangaliwa na wauguzi, wenye kusahau sana au wasioweza kujihudumia. Kituo cha wazee cha jamii ni kwa mzee anayejiweza. Anakwenda asubuhi, anarudi mchana, na siku asiyotaka haendi. Mimi naona kinafanana zaidi na baraza kuliko hospitali.

Cha kwanza cha aina hii kilifunguliwa mtaa wa Bronx, New York, mwaka 1943, baada ya watumishi wa idara ya ustawi wa jamii kuona kwamba wazee waliokuja ofisini kwao walikuwa na hamu kubwa ya kupata mtu wa kuzungumza naye. Wamarekani nao, kumbe, walikuwa na ugonjwa wa kukosa hodi. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya huduma za wazee, na hadi leo fedha za sheria hiyo ndizo zinazolipia sehemu kubwa ya chakula cha mchana kinachotolewa humo. Mwenye miaka 60 na kuendelea anakaribishwa, na mwenzi wake pia hata kama hajafika umri huo. Kuna kisanduku cha mchango mlangoni. Anayeweza anatia, asiyeweza anakula vile vile, na sheria inakataza mtu kunyimwa chakula kwa sababu hakuchangia. Kila mlo unatakiwa uwe na angalau theluthi moja ya mahitaji ya mwili kwa siku. Sahani hiyo mama aliitazama siku ya kwanza akaniuliza jioni kama wapishi wamefiwa, maana hakuna chumvi wala pilipili.

Nyama ya nguruwe ilikuwa tatizo la wiki moja. Tulizungumza na mkuu wa jikoni, akatuonyesha orodha ya chakula ya mwezi mzima ubaoni, na siku za nguruwe mama akawekewa samaki au mboga. Bingo je? Bingo mama aliikataa na anaikataa mpaka leo. Zawadi zake ni vitu kama sukari, sabuni na karatasi za chooni, lakini yeye anasema kamari ni kamari hata ukishinda karatasi za chooni.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka tangu mwanzo. Karibu miezi miwili alikaa karibu na dirisha na kanga yake juu ya koti, akitabasamu kwa kila mtu na kutoelewana na yeyote. Wahudumu vijana walimwita kwa jina lake tupu, bila Bi wala Mama, jambo lililoniuma mimi kuliko yeye. Kilichofungua mlango ni kroshia. Mnakumbuka vitambaa vya makochi, vile vya kufuma kwa nyuzi nyeupe, ambavyo kila nyumba ya pwani na bara ilikuwa navyo? Mama alikuwa anafuma chake, na bibi mmoja wa Kihmong akaja akakaa karibu naye. Wahmong ni watu wa milima ya Laos waliokimbilia huku baada ya vita vya Vietnam, na St. Paul ni moja ya miji yenye Wahmong wengi zaidi nchini Marekani. Wanawake wao ni mafundi wakubwa wa kudarizi. Yule bibi akatoa kitambaa chake, mama akatoa chake, wakaanza kuoneshana mishono kwa vidole. Sijui wanaitanaje. Lakini bibi yule alipokosa siku tatu kwa homa, mama hakulala.

Mimi kama mhandisi nilipoingia mle nilianza kutazama jengo. Njia ya mteremko ya mlangoni imejengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila inchi moja ya kupanda ina inchi 12 za kwenda mbele, kama kanuni za haki za walemavu zinavyotaka. Mikono ya kushikia iko pande zote mbili. Milango inapitisha kiti cha magurudumu. Nikilinganisha na nyumba yangu mwenyewe yenye ngazi 14 za mbao hadi chumba cha mama, nikaona ni wapi hasa mama alikuwa salama. Huku zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka, na aliyeanguka mara moja huogopa, akiogopa hukaa, akikaa miguu hulegea, akisimama huanguka tena. Huo ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Kituoni wana mazoezi ya tai chi kwa ajili hiyo, mara mbili kwa wiki. Mama anayaita "ngoma ya mabubu". Lakini ngazi zangu anazipanda bila kushika ukuta.

Sehemu ambayo wengi wetu hatuijui ni ofisi ndogo iliyo nyuma ya ukumbi. Pale huja mshauri wa bima ya afya, bure, ambaye hauzi bima yoyote na hapati kamisheni. Hapa Minnesota huduma hiyo inaitwa Senior LinkAge Line, na kila jimbo lina ya kwake. Mzazi aliyekuja uzeeni na hajafanya kazi Marekani miaka 10 hapati Medicare kama wenyeji. Anaweza kuinunua akishafikisha miaka 65 na kukaa nchini miaka 5 mfululizo na grini kadi. Mshauri ndiye aliyetuambia, mapema, kwamba muda wa mama utatimia Julai 2023, na kwamba dirisha la kujiandikisha lina mwisho. Anayelipita hutozwa nyongeza ya asilimia 10 kwenye ada ya sehemu B kwa kila miezi 12 aliyochelewa, na kwa kawaida nyongeza hiyo haiondoki. Katika jamii yetu nawajua watu watatu wanaoilipa.

Pale pale kuna darasa la Kiingereza na la uraia. Wapo wanaoamini kwamba mzee husamehewa Kiingereza kwa sababu ya uzee. Si hivyo. Anayesamehewa ni mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa miaka 15. Mama alikuwa na miaka mitano tu, kwa hiyo alisoma. Alifanya mtihani mwaka 2024, wakati maswali ya historia na serikali yalikuwa hadi kumi na kufaulu ni sita. Kwa walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 maswali ni hadi 20 na kufaulu ni 12, basi msiwachelewesheni wazazi.

Machi 2020 korona ilipokuja kituo kilifungwa, na hapo ndipo nilipopata jibu la yule mzee wa mlangoni. Tulikuwa wote nyumbani, mimi, mke wangu na watoto, kutwa nzima, nyumba imejaa watu kama mama alivyokuwa akitamani. Kila mtu alikuwa na kompyuta yake na masikio yamezibwa. Mama alikuwa anahesabu miezi. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka kwamba kukosa uhusiano na watu kunaweza kudhuru maisha kwa kiasi cha kuvuta hadi sigara 15 kwa siku. Waraka haukusema wazee wanaoishi peke yao. Upweke unakaa hata kwenye nyumba yenye vyumba vitano na wajukuu.

Mwaka 2022 mama alikwenda Pangani miezi mitatu. Tulijua huenda asirudi, na nilikuwa nimejiandaa kumtumia fedha za kuishi huko kama angeamua hivyo, maana mama si mzigo wa posta wa kupelekwa na kurudishwa. Alirudi mwenyewe. Aliniambia kwamba rika lake nusu wamezikwa, na waliobaki wamechukuliwa na watoto wao Tanga mjini na Dar es Salaam, wanakaa ndani na televisheni. Hodi imepungua hata kule. Lakini amenisisitizia kwamba akifa azikwe Pangani, na hilo hakuna kituo kitakacholimaliza. Tumeanza kuweka akiba.

Siku hizi kila Alhamisi kuna meza ya Kiswahili pale kituoni, ambayo mama ameianzisha bila kuomba kibali cha mtu. Yupo mama wa Kisomali aliyeishi Mombasa miaka mingi kabla ya kuja huku, na yupo mzee wa Kikongo kutoka Uvira. Wanabishana mpaka wahudumu huja kuuliza kama kuna ugomvi. Wiki iliyopita ugomvi ulikuwa juu ya kisamvu, ambacho mzee wa Uvira anakiita sombe na anashikilia kwamba watu wa pwani wanakiharibu kwa nazi. Wameamua kila mmoja apike chake, Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, na wanatafuta mtu wa nne, asiyetoka Tanga wala Mombasa wala Kongo, aje aonje na atoe hukumu. Mwenye mzazi nyumbani, basi dogo la kituo linapita kuanzia saa tatu asubuhi.