Matofali Yao, Mabati Yetu

Sisi tuliolelewa katika VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, tukikutana huku ughaibuni hatukawii kutambuana. Mmoja akisema Ona, wa pili atajibu Amua, na wa tatu atamalizia Tenda. Maneno hayo asili yake ni Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi nchini kwake mwaka 1925. Papa Yohane XXIII aliipendekeza njia hiyo katika waraka wake wa Mater et Magistra, mwaka 1961. Cardijn alifariki mwaka 1967, mwaka ule ule nchi yetu ilipotangaza Azimio la Arusha. Kwetu vijana wa Tanzania, imani na kujitegemea vilipikwa chungu kimoja.

Kigangoni hatukufundishwa kujitegemea kwa hotuba. Tuliona nyumba ya katekista inavuja, tukaamua, tukalima shamba la mahindi, tukauza, tukaezeka. Asiyekuwa na shilingi alileta debe la maji. Mhazini wetu, msichana aliyeishia darasa la saba, alisoma hesabu mbele ya waumini baada ya Misa, hadi senti ya mwisho. Wengi wetu tulijifunza hapo kutunza mali isiyo yetu. Mtume Paulo naye alihubiri huku akishona mahema ili asimlemee mtu.

Siku hizi maombi hutufikia kwa simu. Hivi karibuni vijana wa kigango kimoja cha nyumbani walituomba fedha zote za kujenga banda la kuku wa mayai. Tulibishana sana. Wengine walisema tutume tu, maana fedha hiyo kwetu ni zamu chache za kazi, na kwao ni jasho la mwaka mzima. Wengine wakakumbusha kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndipo dada mmoja akauliza: "Kwani wao wameshaweka nini?"

Tukapiga simu. Baada ya "Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele, amina", mwenyekiti wao alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Tumefyatua matofali mia nane, kaka. Tuliogopa kuyataja, tukadhani mtayaona si kitu."

Maneno hayo yalituchoma. Tofali la kijana asiye na ajira ndilo mtaji wenyewe, na fedha zetu zisipoangaliwa zinaweza kumfanya alionee haya. Mwalimu Nyerere, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, alisisitiza kufanya kazi pamoja na watu, si kuwafanyia.

Basi tulikubaliana hivi: kuta na vifaranga ni vyao, mabati ni yetu. Hesabu wasitutumie sisi kwanza, bali waisome kigangoni baada ya Misa, mbele ya mama zao na katekista wao, kwa kuwa hao ndio watakaobaki nao kuku wakiugua au mayai yakikosa soko.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnapokea simu kama hizo kila mwezi. Kabla ya kuuliza wanahitaji kiasi gani, tuwaulize wameshaanza na nini. Huenda kuna matofali yamekaa nyuma ya kanisa, yanasubiri kuheshimiwa.