Pesa yetu inazaa kwa kazi gani?



Vikundi vingi vya AVEC viko karibu kufungua sanduku na kugawana akiba ya mwaka, mbele watoto hawajarudi masomo mwezi wa tisa. Ni wakati wa furaha. Lakini ni wakati pia ambapo maneno mengi yanatufikia. Simu inaleta habari ya kampuni inayozalisha pesa ukiwa umelala. Jirani anaonyesha ujumbe kwamba aliweka dola 50 na kila siku anapokea dola 2. Kijana wa nyumbani anasema siku hizi ni wajinga tu wanaoweka pesa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu.

Katika kikundi chetu hapa Bukavu neno hilo liliingia mpaka kwenye mkutano. Mwanachama mwenzetu aliomba tutoe theluthi moja ya sanduku, tuiweke katika programu moja ya simu, halafu mwezi wa tisa tugawane zaidi. Hakuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe ana watoto watatu katika sekondari, na elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi tu. Tulijadiliana mikutano miwili. Tunaandika ili vikundi vingine vipate swali lililotusaidia: pesa yetu, tukiitoa mkononi, itafanya kazi gani mpaka izae?

Tuanze na sanduku letu. Mama akikopa dola 100, anakwenda kununua bidoni za mawese, anauza katika soko la Kadutu, na mwezi ukiisha anarudisha dola 105. Zile 5 zimetoka wapi? Zimetoka kwa mawese, kwa mgongo wake na kwa wateja wake. Tunamjua, tunaijua meza yake, na kanuni yetu inasema mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu. Mtindo huu wa vikundi ulianza na wamama wa Niger mwaka 1991, nao umefika kwetu kwa sababu kila mtu anaona pesa inavyotoka na inavyorudi.

Uwekezaji mwingine wa kisasa nao unaweza kujibu swali hilo. Banki inakopesha wafanyabiashara, na sehemu ya faida inampa aliyeweka akiba. Serikali yetu, tangu mwaka 2019, inauza hati za hazina kupitia mabanki: inakopa leo, inarudisha kesho kutoka kwa kodi. Hisa ni kipande cha kampuni: kampuni ikiuza vizuri, mwenye hisa anapata, ikiuza vibaya, anapoteza.

Na Bitcoin, ile pesa ya intaneti ambayo vijana wanaitaja kila siku? Yenyewe haiuzi mawese wala haikopeshi mtu. Aliyeinunua anapata faida tu akipatikana mwingine wa kuinunua kwa bei kubwa zaidi. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2021 bei yake ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Miaka iliyofuata ilipanda tena. Hatusemi ni wizi. Tunasema kwamba minervali ya mtoto haiwezi kungoja miaka miwili mpaka bei ipande.

Sasa turudi kwa ile programu ya simu. Mjumbe wake alikuja kutueleza. Tulimuuliza ni kazi gani inayozaa pesa. Alisema ni biashara ya intaneti. Tukauliza wananunua nini na wanamuuzia nani. Alisema ni siri ya kampuni. Halafu akaeleza kwamba faida ni 30 kwa 100 kila mwezi, na kwamba anayeleta watu 6 anaongezewa.

Sisi tunaofundisha hesabu darasa la sita tulichukua chaki. Dola 100 zikizaa 30 kwa 100 kila mwezi bila kutolewa, baada ya miezi 12 zinakuwa karibu dola 2,330. Baada ya miaka miwili zinapita dola 54,000. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo, kwa nini atafute dola 50 za mama anayeuza sambaza? Angekopa banki mara moja, akatajirika peke yake.

Kisha tukahesabu watu. Mmoja analeta 6. Hao 6 wanaleta 36. Halafu 216, halafu 1,296, halafu 7,776, halafu 46,656. Kwa hatua ya tisa tunapita milioni 10. Kwa hatua ya kumi na moja tunapita milioni 362, na Congo nzima, pamoja na vitoto vichanga, haifiki hata nusu ya hesabu hiyo. Lazima siku moja watu wapya wakosekane. Siku hiyo wale wa mwisho ndio wanaolipa, na wa mwisho ndio wengi kuliko wote.

Mwenzetu mmoja akasema: “Lakini jirani yangu amelipwa kweli, nimeona kwa macho.” Neno hilo ndilo linalowakamata wengi. Ni kweli amelipwa. Lakini amelipwa kwa pesa ya walioingia nyuma yake, si kwa biashara yoyote. Wale wa kwanza wanalipwa vizuri ili waende kushuhudia sokoni na kanisani bila kujua kwamba wanafanya kazi ya kuvuta wengine.

Ujanja huu si wa leo. Mwaka 1920, kule Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya 50 kwa 100 katika siku 45, akaishia gerezani. Kwetu, wakati wa Zaire, wazazi wetu wanakumbuka Bindo Promotion: watu walipeleka akiba yao huko, na mwaka 1991 ikaanguka. Nigeria, mwezi wa kumi na mbili mwaka 2016, mchezo ulioitwa MMM, nao wa 30 kwa 100 kwa mwezi, ulifunga malipo karibu na Noeli. Majina yanabadilika, hesabu ni ile ile.

Kikundi chetu kilikataa. Sanduku halikuguswa. Lakini mwenzetu aliyeleta wazo aliingia kwa pesa yake mwenyewe, dola 80, bila mume wake kujua. Majuma matatu alilipwa kidogo kidogo. Juma la nne programu ilimwambia alipe kwanza dola 20 ili akaunti yake ifunguliwe. Alilipa. Kisha kimya. Namba ya mjumbe haikupokelewa tena.

Hapo kikundi kilikuwa na kazi nyingine, nayo ilikuwa ngumu. Wengine walisema: tulimwonya, abebe mzigo wake. Wengine walitaka apewe msaada kutoka mfuko wa jamii. Lakini mfuko ule ni wa ugonjwa, kifo na uzazi. Tukiufungua kwa hasara ya mchezo, siku mtoto wa mwingine akiugua tutasema nini? Mwishoni tulikubaliana mambo matatu. Alipata mkopo wa kawaida kwa akiba yake, na muda mrefu zaidi wa kurudisha. Tulikatazana kumcheka, ndani ya mkutano na nje, kwa sababu mama anayeogopa kuchekwa hatasema, na asiposema, mwingine ataingia mtego ule ule. Na wazee wawili wa kikundi walimsindikiza nyumbani siku ya kumwambia mume wake. Anaendelea kulipa. Mtoto wake mkubwa hakufukuzwa masomo.

Tusidanganyane tena kwamba sanduku halina hatari. Sanduku linaweza kuibiwa. Mwenye deni anaweza kuhama. Franka zilizofichwa chini ya godoro nazo zinaliwa polepole: mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja haikufika franka 1,000, mwaka 2024 ilipita 2,700. Franka 100,000 ambazo zilinunua zaidi ya dola 100, zilinunua yapata 37 tu. Banki nayo? Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita ilipofika Goma na Bukavu, mabanki yalifunga milango, na mwenye akiba alibaki na kijitabu mkononi bila kununua unga. Hakuna mahali pasipo hatari. Kwa hiyo hatuweki mayai yote katika kikapu kimoja: kidogo katika kikundi, kidogo katika bidhaa isiyooza, kidogo kwenye simu, na anayeweza, kidogo katika banki au koperative yenye ruhusa ya Banki Kuu ya Congo.

Haya ndiyo tuliyoandika katika daftari letu, nanyi mnaweza kuyasoma mkutanoni:

Pesa ya masomo, ya dawa, ya nyumba na ya chakula cha miezi mitatu haiwekwi mahali inapoweza kupotea.

Anayetaka kujaribu kitu kipya, ajaribu kwa pesa yake, ile ambayo ikipotea watoto watakula kama jana. Asikope ili awekeze, asiuze kiwanja wala cherehani.

Swali la kwanza ni kazi gani inayozaa pesa. Jibu likiwa “ni siri”, mkutano umekwisha.

Swali la pili ni nani anayewapa ruhusa. Tuombe karatasi, tuulize ofisi iliyoitoa. Picha kwenye simu si karatasi.

Swali la tatu ni namna ya kutoka: nikitaka pesa yangu kesho, naipata lini, na nakatwa kiasi gani? Ukiambiwa ulipe kwanza ili upewe pesa yako, usiongeze hata franka moja.

Anayekuharakisha, “leo ni siku ya mwisho”, anajua kwamba ukilala usiku mmoja utafikiri. Lala.

Namba ya siri ya simu haipewi mtu: wala mjumbe, wala rafiki, wala anayesema anatoka kwenye kampuni ya simu.

Pesa ya kikundi haiwekezwi na komite peke yake. Wanachama wote wapige kura, wenye funguo tatu wakiwepo, na mwandishi aandike majina.

Mezani kwetu wamama wachache wamesoma mambo ya fedha. Lakini kila mmoja anayenunua debe la sambaza anajua kuuliza limetoka wapi, lina uzito gani, na akishindwa kuuza litaoza siku ngapi. Maswali hayo hayo yanatosha kwa programu yoyote ya simu. Mkutano ujao, kabla ya kuhesabu sanduku, someni orodha hii kwa sauti, na yule ambaye tayari ameingia mahali apewe nafasi ya kusema bila aibu.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.